Mto wa Mwisho

"Ning'inia tena," alisema.

"Nimeshaning'inia mara mbili, Mama Mito. Mimi si popo."

"Ning'inia."

Mumewe alivua kandambili, akakishika kile chuma cha ukutani kwa mikono miwili, akakunja magoti, akainua miguu kutoka kwenye vigae vya bafu. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye tumbo linalomtangulia kila anapoingia mlangoni. Chuma hakikutikisika. Hata chembe ya plasta haikudondoka. Mkewe alichuchumaa, akachungulia skrubu kwa chini kama daktari anayechungulia koo la mtoto, kisha akasimama.

"Haya, teremka."

"Ahsante, bosi. Na mshahara?"

"Usinichekeshe. Leo sina nafasi ya kucheka."

Kwa macho kilikuwa chuma cha kutundikia taulo, basi. Alikipaka rangi nyeupe mwenyewe, akakipiga msasa pembeni kidogo ili kionekane kimechakazwa na jua na chumvi, kisha akatundika taulo mbili za samawati zilizokunjwa kwa upana mmoja. Mtu asiyejua angesifu taulo. Lakini skrubu zake zilikuwa zile ndefu za kufungia mbao za paa, na kimo chake hakikupimwa kwa taulo. Kilipimwa kwa kiganja cha mwanamke mfupi anayejiinua huku goti la kulia likimkatalia. Mwanamke huyo, mama mzazi wa Mama Mito, hakuwa ameambiwa neno. Ungemwambia kwamba bafuni kuna kitu cha kujishikilia, angeamuru gari linalomleta ligeuze njiani.

Jina la Mama Mito lilikuwa jina la kazi. Watu wenye chumba cha ziada walimwita aje akifanye kiwe cha wageni, naye alikuja na cherehani yake, tepu ya kupimia shingoni na pini mdomoni, akaondoka ameacha chumba ambacho hata mwenye nyumba akiingia anashusha sauti. Sifa yake ilikuwa vyumba vya namna ya ufukweni: kuta nyeupe, zulia la katani, kiti cha henzirani, pazia jepesi linalovuta pumzi pamoja na dirisha. Rangi ni nyeupe, mchanga, na samawati iliyopauka kama shati lililofuliwa sana. Nyingine yoyote ilibaki nje. Wateja walipomletea samaki wa mbao na usukani wa meli wa kupachika ukutani, aliwarudishia mlangoni. "Ukitundika nanga," aliwaambia, "umeshafungua baa. Mtu akiingia asikie tu kwamba amefika baharini. Usimpigie kelele."

Chumba hiki cha uani kilikuwa karakana yake mpaka juzijuzi. Sasa cherehani ilikuwa sebuleni, imebanwa kati ya kabati na televisheni, na majora ya vitambaa yamelala chini ya vitanda vya watoto. Hakulalamika. Alikuwa ameshafanya vyumba vya watu wengi, wenye shukrani na wasio nayo, lakini hiki kilikuwa cha kwanza alichokipanga, akakipangua, akakipanga tena.

Mama yake alikuwa ameanguka. Jikoni kwake, peke yake, asubuhi, chai ikiwa motoni. Alilala sakafuni akiisikiliza chai ikikauka, kisha sufuria ikiungua, kisha gesi ikiisha, mpaka jioni jirani alipokuja kuazima chekecheo. Aliyewaambia watoto ni jirani. Yeye mwenyewe alisema aliteleza kidogo.

Kwa kaka mtu kulikuwa ni ghorofani, ngazi juu ya ngazi. Kwa Mama Mito kulikuwa na ua tambarare na chumba kisicho hata na kizingiti. Walimbembeleza, wakamtisha, wakanyamaza, wakaanza upya. Mwishowe akasema, "Nitakuja kuona. Kuona tu. Nisipopapenda narudi na gari hilohilo." Na hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Akisema hapana leo, hapana hiyo ingemsindikiza mpaka kwenye sakafu ile ya jikoni, na safari nyingine huenda jirani asihitaji chekecheo.

Simu ililia. Kaka yake alikuwa ananong'ona.

"Tuko kwenye kituo cha mafuta, pale njia panda. Ameshuka kunyoosha mguu. Sikiliza, mdogo wangu. Yuko vile."

"Vile vipi?"

"Vile. Tangu tutoke ameniambia 'punguza mwendo', na baadaye akaniambia 'punguza mwendo'."

"Amebeba nini?"

"Mkoba."

"Mkoba mkubwa?"

"Wa mkononi. Ule wa kwendea benki. Nimemuuliza nguo ziko wapi, akaniuliza tangu lini nimekuwa polisi."

Mama Mito alikata simu. Alimtuma mumewe ajaze maji kwenye ile chupa ya kioo cha kijani iliyo kando ya kitanda, akamwita arudi kwa sababu aliijaza mno, akamtuma tena. Akasogeza kiti cha henzirani kitazame dirisha. Akakirudisha kilipokuwa. Juu ya meza ndogo kulikuwa na kombe moja la bahari, moja tu, limekaa juu ya kitabu kisicho na maandishi mgongoni. Akaliinua, akalifuta, akaliweka palepale.

Kitanda alikiacha mwisho wa yote. Alitandika shuka la chini, akalivuta mpaka likalia. Akainua ubavu wake juu ya godoro, akachomeka kilichoning'inia, akashusha ubavu, akachomeka tena, na pembe ikakaa kama mgongo wa bahasha. Pembe ile hakuisomea popote. Aliifundishwa na mama yake, katika hoteli ya ufukweni ambako mama alitandika vitanda vya wageni mpaka wenzake wakamwita Mama Shuka. Shule zikifungwa alikwenda kazini na kitinda mimba wake, akamficha kwenye chumba cha mashuka, katikati ya marundo yanayonukia pasi.

Siku moja mtoto alimfuata kimyakimya mpaka kwenye chumba chenye dirisha la kutazama maji. Kuta nyeupe, pazia linapumua, kitanda kimeshatandikwa. Akakaa pembeni mwake, kidogo tu, tako moja. Mama yake alimwinua kwa sikio. Hakumpiga. Alipapasa pale alipokaa mpaka pakawa kama hapajawahi kukaliwa, akasema, "Hapa si petu." Kisha wakatoka kinyumenyume, mama akilainisha zulia kwa brashi ya mkono ili hata nyayo zao zisibaki.

Mama Mito hakuwahi kumwambia mtu, lakini kila chumba alichokifanya tangu hapo kilikuwa ni chumba kile. Kila mara alikifanya, akakikabidhi, akaondoka. Leo kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa njiani.

Honi ililia getini.

"Wamefika!" mumewe alisema, kama vile honi ilihitaji mkalimani.

Alinyakua mto wa mwisho. Ndivyo alivyofunga kila kazi: mto mdogo mweupe, mbele ya mito mingine yote, uliodariziwa kwa uzi wa samawati maneno mawili, *Karibu Mgeni*. Wateja waliusubiri mto ule kama muhuri. Huu wa leo aliudarizi jioni moja huku akibishana na kaka yake kwenye simu aliyoibana kwa bega, wala hakuutazama sana, mkono ulijua njia. Aliusimamisha katikati, akaupiga juu kwa ubavu wa kiganja ukatoa masikio mawili, akatoka kinyumenyume.

Mama yake alikuwa bado ndani ya gari, mlango umefunguliwa, mguu mmoja nje. Hakuna aliyethubutu kumpa mkono. Alijitoa mwenyewe, taratibu, akashikilia paa la gari mpaka goti likakubali.

"Usizime gari," alimwambia mwanawe.

"Mama, mafuta..."

"Usizime."

"Shikamoo, Mama," Mama Mito alisema.

"Marahaba. Umekonda."

"Shikamoo, mama mkwe," mumewe alisema.

"Marahaba, mkwe wangu. Wewe umenenepa. Naona chakula chake chote unakula wewe."

Mume akacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Mama yake alikuwa tayari ameanza kuvuka ua, mkoba kwenye kiwiko, akiitazama sakafu mbele ya kila hatua kwa jicho la mtu aliyewahi kusalitiwa na sakafu. Mama Mito alitembea nyuma yake, mikono imefunguka kidogo pande zote mbili, kama anayefuata mtoto anayejifunza kutembea. Mama aligeuka. Mikono ikarudi kiunoni.

Mlangoni alisimama. Hakusema pazuri, hakusema pabaya. Aliingia kama anavyoingia mtu mwenye zamu. Alipitisha kidole juu ya fremu ya kioo, akakitazama kidole. Alilivuta pazia, akaliachia, akatazama linavyorudi.

"Kitani?"

"Kimechanganywa, Mama."

"Umefanya vizuri. Kitani kitupu kinakunjamana hata ukikitazama vibaya."

Moyo wa Mama Mito uliruka.

"Chini ya kitanda pamepigwa deki?"

"Pamepigwa."

"Mpaka ukutani?"

"Mpaka ukutani."

Mama aliinua ukingo wa mfarishi, akachunguza pembe ya shuka. Aliichomoa, akaichomeka tena kwa mikono miwili, haraka, bila kuangalia, mikono ya mwanamke wa miaka mingi nyuma ikitoka kwenye mikono ya leo yenye mishipa iliyovimba. "Ilikuwa inalegea."

"Haikuwa inalegea."

"Ilikuwa inalegea."

Kaka alikuwa amejitokeza mlangoni, funguo za gari hana, mikono haina pa kukaa. "Pazuri, eh, Mama? Si nilikwambia pazuri?"

Mama alizungusha macho chumba kizima: taa yenye kivuli cha katani, kapu la majani lililosukwa lenye blanketi jepesi, kombe, chupa ya kijani, kiti cha henzirani. Akatikisa kichwa kwa kukubali, mara moja.

"Chumba kizuri. Sina neno. Mgeni atafurahi."

Aliulaza vizuri ukingo wa mfarishi.

"Anakuja lini?"

"Nani, Mama?"

"Mgeni." Aliuonyesha mto kwa kidevu. "Naona mmeshamwandikia. Haya, sasa nionyeshe changu."

Mama Mito alicheka, akidhani anataniwa. Mama yake hakucheka. Uso ule haukumwambia kitu. Huenda ulikuwa utani, huenda ilikuwa hasira, huenda lilikuwa swali tu, kama alivyowauliza wenzake kwenye korido za hoteli nani anaingia chumba gani. Ndipo Mama Mito aliposoma mto. Alikuwa ameushona mara nyingi hata akaacha kuusoma.

"Mama, hiki ndicho chako."

"Changu?"

"Chako."

"Mbona kina jina la mwingine?"

"Hayo ni mazoea ya mkono tu. Kila chumba naweka."

"Kila chumba cha wageni."

"Mama, jamani, mto tu huo," kaka alisema.

"Wewe nenda kakae kwenye gari."

Kaka, mwenye mvi kidevuni na watu wanaomwogopa kazini kwake, alikwenda kukaa kwenye gari.

"Keti kwanza, Mama. Goti hilo."

"Nikae wapi?"

"Kitandani."

"Kitanda kilichotandikwa hakikaliwi."

"Basi kitini."

Mama alikitazama kiti cha henzirani, mto wake uliowekwa mshazari, blanketi jingine lililotupwa kwenye mkono wa kiti hicho kwa namna ambayo kutupa huko kulichukua asubuhi nzima. "Na hicho umekipanga. Nikikikalia nitakupangulia." Alihamisha mkoba kutoka kiwiko kimoja kwenda kingine. "Sikiliza, mwanangu. Chumba kama hiki mimi najua kukifanya. Nimevifanya mpaka mgongo ukawa hivi unavyouona. Najua sabuni inavyokaa, najua ncha ya karatasi ya chooni inavyokunjwa. Na najua kwamba hakuna anayeishi humo. Mtu anakuja, anasifu, anaondoka. Naingia, namfuta. Mchana hakuna anayemkumbuka."

"Nilitaka ulale humo." Sauti yake ilitoka ndogo, na hilo lilimuudhi. "Miaka yote ile hukulala humo hata siku moja. Nilitaka nawe, japo siku moja..."

"Siku moja ndiyo anayolala mgeni."

"Ulitaka nini basi? Nikutandikie godoro jikoni ndipo ujue ni kwako?"

"Sikutaka kitu. Nina nyumba yangu."

"Nyumba gani! Nyumba unayoshinda umelala sakafuni mchana kutwa unahesabu vigae!"

"Punguza sauti. Mkwe anasikia."

"Na asikie! Basi rudi! Rudi kwako ukaanguke tena, na safari hii omba jirani awe na unga wa kuchekecha!"

Uani ndoo ilikuwa ikijazwa maji. Bomba lilifungwa ghafla. Ulibaki mlio wa gari tu getini, unanguruma taratibu, ukisubiri.

Mama Mito aliziba mdomo kwa mkono, lakini kilichotoka kilikuwa kimeshatoka. Alimtazama mama yake akitazama dirisha. Pazia liliingia ndani kidogo, likatoka.

"Choo kiko wapi?" mama yake aliuliza.

Alinyoosha kidole. Mama akaenda, yeye na mkoba wake, akafunga mlango.

Hapo ndipo Mama Mito alipojua kungoja ni nini. Alisimama karibu na mlango, sikio limetangulia. Alisikia maji. Alisikia kimya. Alisikia kitu laini kikianguka, taulo, kisha taulo nyingine, kisha kiatu kikiteleza kidogo juu ya kigae, na mkono wake ukaenda kwenye kitasa wenyewe.

"Mama?"

Aligonga mlango.

"Mama!"

"Niko hai. Usiingie."

Ilisikika pumzi ndefu ya mtu anayejivuta. Chuma hakikulia. Halafu kimya kingine, kirefu, ambacho Mama Mito hakukielewa, kimya cha mtu aliyesimama tu. Alijaribu kufikiria la kusema mlango ukifunguka. Nisamehe. Sikukusudia. Lakini alikuwa amekusudia kila neno, na hicho ndicho kilichomkera.

Mlango ulifunguka. Mama alikuwa na taulo zote mbili mkononi, amezikunja upya, kwa upana mmoja.

"Taulo zako zimeanguka."

"Ungeziacha, ningeziokota."

"Nimeziokota." Aliziweka juu ya kapu. "Kile chuma amekifunga nani?"

"Mume wangu."

"Taulo gani hizo, nzito kiasi cha kutaka skrubu za paa?"

Mama Mito alitazama zulia.

"Mmekijaribu?"

"Amening'inia."

"Yule?" Mama alitupa jicho dirishani, ambako mkwewe alikuwa anajifanya anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. "Na kikabaki ukutani?"

"Kikabaki."

Mama alifungua kiganja chake cha kulia, akakishusha usawa wa nyonga, hewani, pale ambapo chuma kingekuwa. Akakikunja. Akakifungua.

"Hoteli nzima ile," alisema, "kila kitu kilikuwa juu. Mpaka kufungua dirisha nilipandia ndoo." Alionekana kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi, kisha akanyoosha mkono. "Nipe wembe."

"Wembe wa nini?"

"Mshonaji gani hana wembe?"

Alikuwa nao, kwenye mfuko wa aproni, umefungwa kwa kitambaa kama kawaida. Mama aliupokea. Akauchukua mto wa mwisho kutoka mahali pake pa heshima, akaugeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akafinya macho, akausogeza mbali, akausogeza karibu. Ulihitaji mapaja ya kuuegemeza. Alipapasa nyuma yake kwa mkono, bila kutazama, jinsi mtu anavyopapasa mahali anapopajua, akakaa.

Kitandani. Shuka lililovutwa likalalamika kidogo, likakubali. Upande wa miguuni, pembe ile aliyoichomeka upya mwenyewe ilichomoka yote, ikaning'inia. Mama Mito aliiona. Hakuigusa.

"Umedarizi nyuzi mbilimbili," mama yake alisema. "Mkaidi wewe."

"Nimefundishwa na mkaidi."

"Sioni uzi unapoanzia. Njoo."

Alisogea, akainama juu ya bega la mama yake.

"Unanizibia mwanga. Kaa."

Alikaa. Pembeni, kidogo, tako moja.

"Kaa vizuri."

Akakaa vizuri. Godoro liliinama, mabega yao yakagongana, na mto mmoja wa nyuma ukaanguka chali bila mtu kuuinua.

"Tunafumua yote?" aliuliza.

"Nani amesema yote? Neno lililozidi ni moja. Anzia mwisho."

Mama alishika kitambaa akakikaza, binti akapitisha ncha ya wembe chini ya uzi, akakata, mama akavuta kwa kucha. Herufi ya mwisho ilitoka upesi. Iliyofuata ilikuwa ngumu, mama akamwambia anakata kama mchinjaji, naye akamwambia mama anatikisa mto. Vipande vya uzi wa samawati vilianguka juu ya shuka jeupe, juu ya aproni, juu ya zulia la rangi ya mchanga lililopigwa brashi asubuhi. Hakuna aliyevikusanya. Mkoba ulikuwa bado kwenye kiwiko cha mama, unayumba kila anapovuta.

"Karakana yako umeipeleka wapi?" mama aliuliza, macho kwenye mto.

"Sebuleni."

"Na mumeo anatazamaje mpira?"

"Kwa shingo."

Mama alitoa sauti puani, fupi, ambayo huenda ilikuwa kicheko.

"Mama!" kaka aliita kutoka getini. "Tunaenda au hatuendi?"

Mama hakuinua uso. "Huyo bado hajazima gari?"

"Ulimwambia asizime."

"Nilimwambia?" Alipuliza vipande vya uzi kutoka kwenye mto. "Anachoma mafuta bure."

Mama Mito alimtazama kwa pembe ya jicho. Hakujua kama hiyo ni amri ya kupelekwa getini au ni neno tu la kupita. Alitaka kuinuka aende. Alihofia kwamba akiinuka godoro litainuka naye, na mama yake atakumbuka amekaa wapi. Akabaki.

Ilibaki ile herufi kubwa, na katika hiyo ulibaki mguu mmoja. Upande wa kushoto neno la kwanza, *Karibu*, lilikuwa zima, limesukumwa pembeni mwa mto mweupe, na baada yake ulifuata mstari wa vitundu vidogovidogo vya sindano. Mama alivipitishia kidole gumba, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, kwa namna ileile aliyolainishia mashuka ya watu. Havikuziba.

"Vikifuliwa vitajifunga," binti alisema.

"Vingine havijifungi. Shika hapo. Usivute."

Nje gari lilikohoa, likazimika. Walisikia mlango wake ukifunguliwa, kisha hawakusikia kitu. Mkoba uliyumba kwenye kiwiko. Wote wawili walikuwa wameinamia uzi uliobaki, vichwa vimegusana, wanatafuta unapoanzia.